Bi Sheha na Njia ya Wapagazi

Ukitaka Bi Sheha akugombeze, mpokee kikapu. Wenyeji tulijua, wageni hawakujua. Mgeni akimwona mama mtu mzima anapanda kilima kutoka sokoni Chake, kikapu kimemzidi, jua limesimama utosini, atakimbilia kumsaidia kwa adabu zake zote, na hapo hapo atajuta. "Kiache! Mikono yangu imekatika?" Kisha baada ya hatua mbili tatu anamgeukia yule maskini aliyebaki kaduwaa na kumuuliza kama keshakula.

Wengi mtaani walisema ni kiburi. Babu yake ndiye aliyekuwa na shamba lote la karafuu la juu kule, kabla halijagawiwa watu eka tatu tatu, na mtaa wetu hausahau kitu upesi. Mie mwenyewe niliamini hivyo mpaka ukubwani. Siku niliyothubutu kumuuliza alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso. "Nyumba yetu imeshabebewa vya kutosha," akasema. "Mie vyangu navibeba." Akaendelea kupepeta, na pumba zikanijaa machoni.

Jina analo, zuri tu, ila hakuna aliyelitumia. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alimwita Bi Sheha, tena kwa sauti ya chini. Na sheha kwetu ndiye serikali ya kwanza: barua ya utambulisho, ugomvi wa mpaka, mbuzi aliyekula mihogo ya mtu, mke aliyerudi kwao na mume asiyetaka kumfuata, vyote vinaanzia mlangoni kwake. Muhuri wa kazi aliufunga kwenye pindo la kanga, na ukitaka barua yako igongwe shurti usubiri afungue fundo, na fundo halifunguliwi mpaka useme kweli. Alikuwa na neno lake: "Sema lako uende zako." Lakini ukishasema lako hakuachi uende, anakuwekea chai, anakupasulia na kisheti, na ndani ya chai hiyo anakuchambua ukoo mzima.

Namwandika hivi kwa sababu naona haya. Nimejaribu kujiambia ni huzuni, wapi! Huzuni naijua, nimezika wazee wangu wote wawili. Hizi ni haya, na zinanipata asubuhi, saa ninayotoka kwenda kazini, ndiyo maana bora nieleze nani alikuwa yule mama kabla sijasema tulichomfanyia.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Ndoa za watu alizisuluhisha mpaka za mbali, wakija watu wa Mgogoni na hata wa Msuka kumtafuta, na huku yeye na dada yake hawakusemeshana miaka kwa sababu ya mkarafuu mmoja uliosimama mpakani. Mkarafuu wenyewe ulishakauka. Wakikutana arusini kila mmoja humwuliza mtu wa kati: "Mwulize kama mguu wake haujambo." Na yule wa kati ndiye anayepeleka jibu, wamekaa kitako mkeka mmoja.

Alikuwa hamwogopi mkuu yeyote. Nimemwona akimkatiza bwana mkubwa katikati ya hotuba na kumwambia watu wanataka kwenda kusali. Lakini ng'ombe, astaghfirullah, ng'ombe alimwogopa kama moto. Na mtaa wetu unapenda mchezo wa ng'ombe kupita kiasi. Kila ukichezwa, sheha huwekewa kiti cha mbele. Yeye alikuwa anakuja, anasalimia, anakaa mpaka zumari ianze, kisha anapotea. Tulikuwa tukimkuta nyuma ya ukuta wa skuli, anatazama kupitia tundu la tofali, anawapigia kelele vijana: "Mshike pembe, mwoga weye!"

Mimi alinipa jina la Mwanaramani. Nilisomea uchoraji wa ramani na majenzi, nikarudi nyumbani na kupata kazi katika ofisi moja ya mji. Mara ya kwanza kumwonesha ramani ya mtaa wake aliigeuza huku na huku, akatafuta nyumba yake, akaikuta, akanuna. "Mbona chooni kwangu umepaonesha?"

Basi ndipo ukaja mradi wa njia. Toka juu shambani mpaka bandari ndogo ya mikokoni kuna njia ya zamani, nyembamba, yenye mteremko mkali, ambayo wapagazi walipitia wakati wa karafuu. Gunia kichwani, kutoka kwenye majamvi ya kuanikia mpaka kwenye maji. Babu yangu Kombo alikuwa mmoja wao. Sisi watoto tuliipitia kwenda kuogelea na wala hatukujua kama ina historia, tuliijua kwa matope yake. Wafadhili wakasema watatoa fedha ijengwe vizuri, watu wapite masika bila ya kuanguka, na iwe ya kumbukumbu ya wenyeji. Ofisini nikapewa kuichora.

Kwenye kikao cha mwanzo kila mtu alileta lake. Mmoja alitaka sanamu ya karafuu, kubwa, ya saruji. Mwengine alitaka ubao mrefu wenye maelezo na picha ya minara. Bi Sheha alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilinitia khofu, kwani si kawaida yake. Kisha akasema, "Wageni watapita mara moja na kupiga picha. Siye tunapita kila siku. Mie nataka majina."

"Majina ya nani, Bi Sheha?"

"Ya waliobeba. Kila mmoja na jina lake. Hawajaandikwa popote hawa."

 Mjukuu wa mwenye shamba ndiye anayesema hivyo, na pale palikuwa na watu ambao wazee wao walizibeba gunia za babu yake. Nakumbuka nilivyojivuna, utasema nimezaa mimi. Nilimwona babu Kombo kwa macho yangu, yuko pale njiani, anasomeka.

Majina aliyatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo. Alikuwa akiingia uani, anakaa na bibi wa nyumba, wanazungumza homa na bei ya dagaa, na katikati ya dagaa anauliza, "Na yule mzee wenu wa gunia, hasa jina lake nani?" Wengine walimjibu kwa furaha. Wengine walimpa jibu la mkato, kwa maana upagazi si jambo ambalo kila mtu anataka kuutangaza ukoo wake nalo. Kwa hao alirudi tena na tena, na kila akirudi anakaa chini zaidi, mara ya mwisho hata mkeka hakutaka.

Yakabaki majina yawekwe wapi. Mimi nilichora ukuta mfupi pembeni, majina yamepangwa, kama walivyofanya kwengine. Akaitazama ramani, akaniambia nimfuate shambani. Tulipofika juu alikuwa keshamwambia mtu ajaze gunia la mchanga. "Chukua," akaniambia. Nikacheka. Hakucheka. Nikatwikwa, nikateremka nalo mteremko wote ule, shingo inalia, jasho linanichoma macho, na yeye yuko nyuma yangu ananihimiza kama punda. Chini bandarini nilipolitua akaniuliza, "Umeona nini njiani?"

"Sikuona kitu, Bi Sheha. Nimeona vidole vyangu vya miguu, na udongo."

"Haya. Basi hapo ndipo walipokuwa wakitazama. Hapo ndipo waandikwe."

Nani angembishia? Mimi nilikuwa hata kuinua shingo siwezi. Wazo lilinikaa moyoni kwa uzuri wake, na lingalipo, na ndiyo sababu najua kuwa jambo linaweza kuwa zuri na likawa baya vile vile. Tukakubaliana: njia itandazwe mabamba ya saruji, na kila bamba liwe na jina moja, herufi zimezama ndani. Alisimamia umwagaji wake kila siku na mwavuli wake, akimsomea fundi jina na kumfanya alirudie, kwa khofu ya kukosea. Kamati nzima ya mradi ilikuja ikaona ikafurahi. Watu wa dini walikuwamo, wasomi walikuwamo, wazee wenye wazee wao kwenye orodha walikuwamo. Hata mmoja wetu hakuliona. Mpaka leo nikiamka usiku hujiuliza akili zetu tuliziweka wapi.

Siku ya ufunguzi haikutufumbua macho, kwa sababu wakubwa walikuja na zulia. Jekundu, refu, likatandikwa juu ya njia yote ili viatu vyao visipate vumbi, na hotuba zote zikasomwa tumesimama juu yake. Tukala pilau, tukapiga picha, zulia likakunjwa jioni.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Msikiti wetu uko juu kidogo ya njia, na watu wakitoka kusali wengi huteremkia huko. Mimi nilikuwa chini kidogo ya msikiti na Bi Sheha. Alikuwa amevaa baibui jipya, amesimama pembeni, pale pale njia inapoanza kuteremka, anawangoja watu wake kama bibi arusi. Nikawaona wanakuja kundi zima, wanazungumza, kisha wa mbele wakasimama. Wa nyuma wakawakumba. Mtu mmoja akavua ndara. Mwengine akavua. Hakuna aliyeshuka.

Aliyekuwa mbele ni muadhini wetu. Mzee mpole, mwenye sauti ya kuvutia alfajiri na isiyosikika mchana. Bamba la kwanza kabisa mbele ya miguu yake lilikuwa la mzee wake mwenyewe: Abdalla. Ndilo jina Bi Sheha alilolichagua liwe la mwanzo, kwa heshima ya muadhini. Tena halikuwa jina la baba tu. Jina la Mwenyezi Mungu limo ndani yake, na kwenye mabamba ya mbele yamo mengi ya namna hiyo, kina Abdurahmani, kina Abdurahimu. Mtoto wa chuoni kwetu, anayesoma Kurani, akiona kipande cha karatasi chenye jina hilo kimeanguka chini hukiokota, akakibusu, akakichomeka ukutani pa juu. Sisi tulilizamisha kwenye saruji tukawaambia watu wapite.

"Bi Sheha," muadhini akasema, na safari hii sauti ilisikika. "Babu yako alimtwisha mzee wangu kichwani. Weye umemtia chini ya viatu."

Basi. Hakutukana, hakupaza. Angetukana ingekuwa nafuu. Watu wakagawanyika pande mbili, wakateremka kwenye majani, huku na huku, wameinua kanzu zao, na njia mpya ikabaki tupu katikati.  Yule mwanamke asiyekosa jibu, aliyemkatiza mkubwa katikati ya hotuba, aliinama. Nilimwona anavua viatu vyake polepole, akavishika mkononi, akaingia kwenye majani nyuma ya watu wote. Hapana aliyemngoja. Na mimi sikumfuata, kwa maana sikujua nimwambie nini, na kwa maana nilikuwa naona haya kuonekana naye. Loo, hilo la pili ndilo la kweli.

Maneno yakaenea mpaka sokoni. Wakasema damu haipotei, mwenye shamba ni mwenye shamba. Wakasema alifanya makusudi. Watu waliokula chai yake na visheti vyake, watu aliowarudishia wake zao!

Siku chache baadaye alikwenda kwa muadhini kutaka radhi. Alinihadithia mwenyewe, kwa ufupi, akitazama pembeni. Alikaa kwenye kizingiti, akasema aliloendea. Muadhini alimpa mkono. "Yangu nimekupa, Bi Sheha, dunia na akhera," akamwambia. "Lakini ya mzee wangu siyo yangu kuitoa." Na yeye akaona amesema haki.

Akaja ofisini kwetu. Alikuwa hajawahi kuja ofisini kwetu, sisi ndio tuliokuwa tukimwendea. Aliomba kitu kimoja: mabamba yang'olewe, yasimamishwe pembeni mwa njia, usawa wa kifua, na chini yatandikwe mapya yasiyo na neno. "Wasimame," alikuwa akisema. "Mie nimewalaza, nataka wasimame." Bwana mkubwa wa ofisi alimsikiliza vizuri. Akasema fungu limekwisha, mradi umeshafunguliwa, picha zimeshapelekwa kwa wafadhili. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama mabamba yanageuzika.

"Yanageuzika," nikasema. Yalikuwa yanageuzika kweli, ndivyo nilivyoyachora, sawa chini na juu. Niliulizwa la ufundi nikajibu la ufundi.

"Basi yageuzwe, majina yaangalie chini," akasema bwana mkubwa. "Hata dini inaruhusu, karatasi yenye jina la Mungu si huzikwa? Nasi tumeyazika kwa heshima."

"Huzikwa pasipokanyagwa," Bi Sheha akasema.

Kikao kikafungwa.

Mafundi waliyang'oa yote, wakayarundika pembeni, wakasawazisha mchanga, wakayatandika upya kwa namna yalivyokuja mkononi, migongo juu. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Bi Sheha alisimama pale toka walipoanza mpaka walipomaliza, mwavuli mkononi, mdomo unamcheza. Tulidhani analalamika peke yake. Mafundi wakaoneana macho wakacheka, na mimi, kwa kuwa wao wamecheka, nikatabasamu.

Haikupita muda aliurudisha muhuri. Akapatikana sheha mwengine, kijana, mwenye pikipiki, hana shida. Lakini watu wakisema "Bi Sheha" wanamkusudia yeye tu. Na njia ikapendwa. Hilo nalo niliseme. Majani yaliyokanyagwa yakaota tena, muadhini akaipita, wanafunzi wakaipita, kina mama wakashuka nayo kwenda pwani kuchokoa chaza, na masika yakaja hakuanguka mtu. Ubao ukawekwa mwanzoni umeandikwa Njia ya Kumbukumbu. Wageni wakiuliza kumbukumbu ya nini, vijana huwajibu, "Ya zamani."

Nami niliipita. Nyumba yangu iko juu, gari za mjini zinasimama chini, njia nyengine ni kuzunguka. Mwanzoni nilikuwa naharakisha. Baadaye nikazoea, nikawa napita huku natazama simu.

Masika haya ndiyo nimekutana naye. Asubuhi, mvua imekata punde hivi, na mimi nateremka na viatu vyangu vya ofisini. Nikamwona anapanda, polepole, amekonda, kanga imelowa mpaka magotini. Alikuwa hayumo njiani. Alikuwa pembeni, kwenye matope, anashika vichaka kwa mkono mmoja ili asiteleze.

"Shikamoo, Bi Sheha."

"Marahaba, Mwanaramani. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Panda huku juu, Bi Sheha, utaanguka bure."

"Sipandi."

"Ni mawe matupu sasa," nikasema. Nilitaka kumpa moyo, Mungu shahidi wangu. "Hayana kitu tena."

Akasimama, akavuta pumzi. Akanitazama miguuni, si usoni. "Hapo uliposimama ni Faki," akasema. "Faki wa bonde la chini, aliyekuwa na jicho moja. Mbele yako Hamadi. Lile lenye ufa ndiye Abdalla, mzee wake muadhini, na ubavuni pake ni Makame, walikuwa wakibeba pamoja." Akaendelea hivyo, kidole kinateremka kilima bamba kwa bamba, hakusita hata mara moja. Ndiyo yaliyokuwa yakimcheza mdomoni siku ile mafundi wanacheka. Alikuwa akiwashika kichwani mmoja mmoja walipokuwa wanalazwa.

Nikainua mguu nitoke juu ya Faki, nikabaki nao hewani. Kushoto alikuwapo mtu, kulia alikuwapo mtu. Nikaurudisha pale pale.

"Na babu yangu?" nikamuuliza. "Kombo?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni, na sikuona hasira wala lawama, nilimwona ananionea haya. Akageuza macho nyuma yangu, kule juu nilikotoka.

"Ushampita," akasema. "Kila asubuhi unampita."